Namba Saba kwa Bata Bukini

Kwa walimwengu wote, waliopo na watakaozaliwa: mimi, niliyesoma miaka mitatu katika shule ya bweni, natangaza rasmi kwamba hakuna aliye hai anayenizidi kwa kujua ukubwa wa marisau unaofaa kumpiga bata bukini. Nina cheti. Nilikiandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu ya mwalimu wa zamu, na elimu yenyewe niliipata likizo hii, kwa ujinga.

Mjomba wangu ni mlinzi wa mashamba ya ngano. Mabata bukini wa mwitu hushuka alfajiri wakang'oa miche, naye huwapiga kwa bunduki. Mwezi uliopita aliugua, akalala hospitali siku tisa bila fahamu. Aliporudi, vidole vilikuwa vinatetemeka. Meneja wa shamba akamwambia kwa upole, ule upole wa kunoa kisu: "Mzee, Ijumaa ikipita hujaangusha hata mmoja, bunduki nampa mwingine. Na nyumba inakwenda na bunduki."

Ndiyo maana mimi nikapewa kazi ya kujaza risasi. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na baruti, maganda mekundu ishirini, na makopo mawili ya marisau, zile chembe za chuma zinazotawanyika bunduki ikilia.

"Sikiliza, mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo hivyo, yeye kwangu na mimi kwake. "Namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Saba ni ya njiwa. Bata bukini ana manyoya kama godoro, saba itamwasha tu. Mpe mbili."

"Kwa hiyo hapa wa mwisho darasani ndiye mkubwa?"

"Ndiyo maana kazi nimekupa wewe."

Alipotoka nikajaza saba katika maganda yote, nikayafunga midomo, nikaandika 2 kwa mwandiko wa adabu kabisa. Nilitaka kuuona uso wake mara moja tu, bata akijikung'uta na kwenda zake. Kisha ningecheka, ningesema, tungejaza upya.

Jumanne alfajiri ukungu ulikuwa mzito. Bata wakapita chini chini, mjomba akafyatua. Wa mbele akatikisika, manyoya mawili matatu yakaelea, naye akaendelea kupiga mabawa. Mjomba akafyatua tena. Hakuna aliyeanguka. Kisha juu ya bati la kibanda cha pampu nyuma yetu kukasikika ta, ta-ta, ta, kama kucha za mtu anayeomba kufunguliwa. Nilijiambia ni marisau yanarudi chini. Mjomba alikitazama kibanda. Uso wake ndio niliokuwa nikiusubiri, lakini haukuchekesha. Nikaogopa kusema nilichofanya.

Jumatano ikawa vilevile.

Alhamisi tulipofungua mlango, bata mmoja alikuwa amesimama uani, peke yake, shingo wima, bawa lina madoa madogo mekundu kama nukta za kalamu. Hakulia wala hakukimbia. Alikuwa anatazama dirisha la chumba cha mjomba.

"Yule nilimpiga Jumanne, pigo la kuua," mjomba akasema taratibu.

"Labda ni mwingine."

"Namjua niliyempiga."

Hakuigusa bunduki. Alikaa kizingitini, akaninyooshea mkono. "Nishike."

Nikamshika. Mkono ulikuwa baridi.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mjomba."

"Pale hospitali nilimsikia daktari akisema, basi, imetosha, amekwenda. Sikumsikia akibadili neno. Tangu nirudi, meneja haniangalii machoni, na ninachokipiga hakifi. Mtu aliyekufa hawezi kuua. Nadhani sikurudi, mjomba. Wewe unaniona kwa kuwa bado mtoto."

Kulikuwa na baridi, mvuke ulinitoka mdomoni. Nikautafuta wa kwake, sikuuona.

Mke wa mjomba ndiye asiyeogopa kitu chenye nyama. Alitoka, akamkamata yule bata, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kumdonoa, akamchinja, akakaa na beseni kumnyonyoa. Mjomba hakugeuka. Mara kitu kikadondoka kwenye sahani ya bati: ti. Kikafuata kingine. Mama huyo akazishika chembe kwa kucha, akazipeleka mezani, akazilinganisha na zile za makopo, akarudi na makopo yote mawili, akayaweka kizingitini.

"Mlipiga na namba ngapi?"

"Mbili," mjomba akajibu kutoka kizingitini.

"Hizi ni saba. Hazikupita hata mafuta." Akanigeukia mimi. "Nani alijaza?"

Nikamfikiria paka. Bwenini paka amenibebea makosa mengi. Lakini paka hajui kuandika 2.

"Ni mimi," nikasema.

Mjomba akainua kichwa. "Rudia."

"Nilijaza saba. Maganda yote ishirini. Nilitaka kucheka."

"Rudia tena." Alikuwa ameweka kiganja kifuani mwake, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Ulimpiga sawasawa, mjomba. Kila mara ulimpiga. Kosa ni langu, wewe mzima."

Akashusha pumzi, ndefu, na mvuke ukamtoka mdomoni, mweupe, mwingi. Akanisukumia kopo la namba mbili kwa mguu. Mimi nililia, na hilo pia nakiri.