Marehemu Alikuja Kupanga Chumba cha Watoto

Chumba cha watoto kilikuwa na vitanda viwili, dirisha moja, na njia katikati ambayo mtu mzima aliipita kwa ubavu. Kushoto alilala Dada, mwenye miaka kumi. Kulia alilala mdogo wake wa kiume, mwenye miaka mitano, ambaye baba yake alimwita Bwana Mkubwa kwa utani, ila mwenyewe hakujua kwamba ni utani. Dada naye alikuwa na jina lake la shuleni, lakini tangu mdogo wake alipoanza kusema, nyumba nzima ilimwita Dada, hata baba yake mzazi.

Nguo za wote wawili zilikaa kwenye maboksi chini ya vitanda. Juu ya maboksi kulikuwa na vitabu, juu ya vitabu viatu, na nyuma ya viatu kila kitu kilichowahi kupotea. Kabati halikuwepo. Baba yao alikuwa seremala, na makabati yake yalisimama vyumbani mwa watu karibu mtaa mzima, yenye milango isiyolia na droo zinazoteleza zenyewe. Mfinyanzi hulia gaeni. Ukutani zilikuwepo alama za penseli alizoweka enzi za mke wake wa kwanza, alipopima mahali pa kabati. Kando yake zilikuwepo alama nyingine, alizoweka enzi za mke wa pili, kwa sababu hakuziamini zile za kwanza.

Mke wa pili alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Alisimama kutwa, akarudi jioni miguu imevimba, akaanza na chumba cha watoto kabla ya kukaa, maana alishawahi kujaribu kukaa kwanza akaona kuinuka ni kazi nyingine. Dada angeweza kumsaidia, na mara nyingi alijitolea, lakini mama huyu wa kambo alimkataza. Mtoto alifiwa na mama yake akiwa na miaka mitatu, na watu wana macho, na midomo wanayo zaidi. Hakutaka isemwe kwamba anamtumikisha yatima. Tena yeye mwenyewe aliachishwa shule ili alee wadogo zake, jambo ambalo hakulisamehe, ingawa hakujua amnunie nani.

"Wewe soma," alimwambia. "Nguo hazina mtihani."

Jioni moja alirudi akamkuta mke wa kwanza amepiga magoti katikati ya vitanda, anakunja sketi ya shule. Alikuwa amevaa gauni lile la kwenye picha ya sebuleni. Ndala zake alikuwa amezivua mlangoni, kwa adabu.

"Hodi," alisema mke wa pili, ingawa nyumba ilikuwa yake.

"Karibu," alijibu marehemu, kisha akaona haya. "Samahani, mwenzangu. Mazoea."

"Bila samahani. Nikupe chai?"

"Ahsante, siku hizi situmii."

Dada alikuwa kitandani na kitabu chake cha hesabu, kinywa wazi kidogo, anamtazama mama yake kama mtu anayesoma kibao cha duka asilolikumbuka vizuri. Alikuwa ameshamwamkia. Mama yake alikuwa ameshamshika shavu na kumwambia amerefuka, na alikuwa amemwangalia kwa muda mrefu. Kisha, kwa kuwa wafu hawana machozi na alihitaji kufanya kitu, akavuta boksi la nguo.

Kuanzia hapo alikuja kila jioni. Alipanga upande wa Dada, akapiga vumbi godoro, akapanga vitabu kwa ukubwa, akaondoka kabla ya chakula cha usiku. Upande wa Dada uling'aa. Upande wa Bwana Mkubwa ulibaki jaa. Mke wa pili alivumilia. Wivu ulimshika, akakubali kwamba ni wivu, kisha uchovu ukaja ukaukalia wivu na siku zikaenda. Lakini mwanawe alipoanza kuuliza kwa nini kitanda chake hakina mama wa jioni, alisema.

"Mwenzangu, usiwabague watoto. Wako mimi sijambagua."

Marehemu aliweka chini soksi aliyokuwa nayo. "Kweli kabisa," alisema. "Nimekosa." Akahamia kulia. Chini ya kitanda cha Bwana Mkubwa alikuta mkate uliokauka, soksi nne zisizo na wenzake, na kijiko ambacho kwa miezi mingi nyumba ile ilimshuku jirani kwamba amekiiba.

Wakawa wanafanya pamoja, wamegeuziana migongo, maana njia haikutosha wakielekeana. Walibishana kidogo. Marehemu alikunja mashati kwa kuyageuza ndani nje ili vumbi lisiingie upande unaoonekana. Mpiga pasi alisema huko ni kuua kazi ya pasi, na kwamba shati hufungwa kifungo kimoja, huachwa kimoja, ndipo likunjwe. Mikono ya marehemu ilikuwa baridi, hivyo nguo zilizotoka kwenye pasi zilipoa mara moja na zikawekwa bila kusubiriwa. Mpiga pasi alipoona hivyo alianza kumpa miguu yake aishike, na uvimbe ukashuka.

"Kwani huko hampumziki?" alimuuliza siku moja.

"Tunapumzika. Mimi nilikuwa nimeshaanza."

"Sasa kilichokuleta?"

Marehemu alitupa jicho kwa binti yake, aliyekuwa ameinamia daftari. Akateremsha sauti.

"Nilimsikia akiamka alfajiri kumtafutia mdogo wake viatu. Mara ya kwanza nikasema ni mapenzi. Mara ya pili nikasema ni mapenzi. Mwenzangu, mimi nilianza hivyo hivyo. Nimekuja ili wa kuinama asiwe yeye. Basi, ni hilo tu."

"Na mimi nalikataa hilo hilo," alisema mpiga pasi. Hakujua kwamba Dada huamka alfajiri. Yeye saa hizo huwa ameshatoka kwenda kuwasha pasi.

Usiku, wakati wa kula, alimwambia mumewe kwamba mke wake wa kwanza huwa anakuja.

"Anasemaje?"

"Anakusalimu. Anaulizia kabati."

"Msalimie sana," alisema seremala, akamega mkate. "Mwambie mbao zimepanda bei."

Hakuwa mtu mbaya. Hakulewa, hakupiga, na mshahara wa wiki aliufikisha nyumbani. Alimpenda mke wake wa kwanza, na siku alipozikwa ilibidi ashikwe mikono. Jioni moja alisimama mlangoni mwa chumba cha watoto akamtazama akikunja foronya, na macho yake yakalowa. Akasema, "Hujabadilika." Kesho yake aliacha mashati yake mawili juu ya kitanda cha Bwana Mkubwa. Siku iliyofuata aliacha suruali ya kazini yenye vumbi la mbao na kitufe kilichokatika. Zote alizikuta zimekunjwa, kitufe kimeshonwa kwa mkono ule ule alioujua. Akazidi kuleta. Alisema nyumba sasa ina baraka, wanawake wawili na hakuna ugomvi, wanaume wangapi wangetamani.

Kazi iliongezeka. Nguo za watu wanne zilipita katika chumba kile kila siku, na chumba chenyewe hakikuongezeka. Marehemu alianza kuchelewa kuondoka. Rangi ya gauni lake ilipauka kwenye viwiko na magotini, na katika picha ya sebuleni pia ilipauka mahali hapo hapo. Jioni moja aliegemea ukuta wenye alama za penseli, akafumba macho.

"Nikwambie ukweli? Nilipokufa sikuchoka hivi."

"Tuache," alisema mpiga pasi.

"Tuache nini?"

"Tuache kila kitu. Tukae. Mume wetu aone mwenyewe. Mtu akiona si atafanya?"

Marehemu alifumbua macho akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyewahi kuwaza hivyo hivyo akiwa hai. Lakini alikaa. Wakakaa wote wawili kwenye kitanda cha Dada, bega kwa bega, mikono mapajani. Hawakuwa wamezoea, na mikono haikujua ielekee wapi. Mbele yao nguo zilikuwa zimejaa njia nzima, za shule, za kazini, za kulalia, taulo likiwa juu. Dada alihamishia madaftari yake miguuni mwa kitanda akaendelea kuandika. Kesho yake alikuwa na mtihani wa hesabu, na mama zake wote wawili walilijua hilo.

Seremala alirudi. Walisikia akivua viatu, kimoja, kingine. Akaja hadi mlangoni. Akaona nguo, akaona wake zake wamekaa.

"Mnaumwa?" aliuliza.

"Hatuumwi," alisema mpiga pasi. "Tumechoka."

"Poleni," alisema, na aliimaanisha. Akavua shati alilovaa, akaliweka juu ya taulo kwa uangalifu lisianguke, akaruka njia ili amfikie mwanawe. Akakaa naye kwenye kitanda cha kulia, akamtekenya, wakacheka.

Wanawake walisubiri. Nje palikuwa pakiingia giza, na ulikuwa umeshafika wakati wa marehemu kuondoka, lakini hakuondoka. Mpiga pasi alikuwa anasema moyoni, sasa ataliona, sasa atainama. Matumaini yalimpanda, na alijionea aibu kwamba bado anayo.

Aliyeinama alikuwa Dada. Alifunga daftari kalamu ikiwa ndani, akashuka kitandani, akaokota taulo. Hakuambiwa na mtu. Alikunja taulo, akakunja shati la baba yake, akakunja kaptura ya mdogo wake. Alikuwa na mikono myepesi. Alikuwa hodari kuliko walivyokuwa wao katika umri ule, na wote wawili waliliona hilo.

"Nenda kasome, mwanangu," alisema marehemu.

"Nikimaliza, mama."

"Dada, acha," alisema mpiga pasi. "Acha, nafanya mimi."

"Mmechoka, Mama Mdogo. Kaeni tu. Ni kidogo."

Mpiga pasi alijaribu kuinuka na miguu ikamkatalia. Marehemu alimwekea mkono wake wa baridi gotini, lakini ubaridi ulikuwa umepungua, haukufaa tena kitu. Dada alifika upande wa pili wa chumba. Bwana Mkubwa, bila kuacha kucheka, aliinua miguu yote miwili ili dada yake apate kuokota soksi zilizokuwa chini yake. Baba yake pia aliinua ya kwake.

Njia ikawa wazi. Seremala alikitazama chumba, akamtazama binti yake aliyesimama katikati na nguo zote zimemfika kidevuni, na uso wake ukajaa fahari.

"Huyu," alisema, "kamchukua mama yake kabisa."

Wanawake wawili waliokaa kitandani hawakumuuliza yupi.