Gitaa la Marehemu Solo

Umeme ulikatika alasiri, Fundi akiwa amemaliza kulainisha upande mmoja wa mwili wa gitaa, upande wa pili bado una makwaruzo. Alizima mashine kwenye swichi, maana umeme wa huko ukirudi haupigi hodi, akakaa kwenye kigoda kusubiri. Hakusubiri sana. Balbu ya juu ya meza iliwaka, na Solo akaingia.

Solo alikuwa amefariki tangu mvua zilizopita. Alisimama kizingitini mpaka akaribishwe, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu zake na kifo hakikumharibu tabia.

"Karibu," Fundi alisema. "Kaa hapo hapo karibu na swichi, nimalizie huu upande."

Solo akakaa, Fundi akawasha swichi, mashine ikanguruma, upande wa pili ukalainika. Nje, ambako umeme haukuwa umerudi, kinyozi na mshona nguo walikuwa wanalaani kampuni ya umeme. Kazi ilipoisha Solo alieleza shida yake. Alitaka atengenezewe gitaa la umeme, la kwake, kwa kipimo cha mkono wake. Lile la zamani liliungua siku ile aliyofariki.

"Ukalipige wapi?"

"Pale pale," alisema Solo.

Pale pale ni ukumbini kwa Bosi. Mji ulikuwa na ukumbi mmoja tu wa muziki, na Bosi, mkono wa birika asiye na mfano, alitandaza nyaya zake mwenyewe na kuuacha waya wa ardhini, ule unaopeleka chini umeme uliopotea njia ili usipite kwa mtu. Solo alikuwa ameshika gitaa. Akasogeza mdomo kwenye maiki ili aimbe, na umeme ukapita kutoka midomoni hadi vidoleni. Kabla turubai la msiba halijafungwa, Bosi alishasema ni moyo. Majirani nao wakasema moyo. Mjane aliyeujua moyo wa mumewe kuliko daktari yeyote alibisha wiki moja, akachoka, naye akasema moyo.

Fundi alichukua kipande cha mvule alichokuwa amekificha miaka mingi kwa ajili ya mteja anayestahili. Alichonga mwili, akachimba kwa patasi mashimo ya koili zinazonasa mlio wa nyuzi, akaunganisha shingo kwa gundi na kuibana. Shingo ndiyo iliyomtoa jasho. Shingo ya gitaa lazima ijae kiganjani, isiwe nene wala nyembamba, na mkono wa Solo ulikuwa unapungua. Kila alipokuja kupimwa ulikuwa mwembamba zaidi ya mara iliyopita, na Fundi alilazimika kuirudia shingo kwa msasa.

"Ndugu yangu, ukiendelea hivi nitakuchongea njiti," alimwambia.

"Ndivyo tulivyo huku," alijibu Solo bila kinyongo. "Fanya haraka tu."

Binti wa Fundi akitoka mazoezini aliwakuta hivyo, mmoja ananyoosha mkono, mwingine anapima.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nyimbo zinakwendaje?"

"Ile ya tatu bado inanisumbua vidole."

Solo akamwonyesha, hewani, namna ya kuvipanga vidole. Binti ndiye aliyechukua nafasi yake bendini, na hilo ndilo lililokuwa linamla Fundi ini. Kila Jumamosi mtoto wake wa pekee alisimama palipoangukia marehemu, mbele ya maiki ile ile. Fundi alikwisha kwenda kwa Bosi mara kadhaa. Alijitolea kuchimba mwenyewe, bure, afukie kipande cha shaba chini na kuunganisha waya. Bosi alimwonyesha sakafu. Ilikuwa na vigae vipya, vyeupe, vinavyong'aa.

"Nivunje vigae hivi?" aliuliza, na uso wake ulionyesha kuumia kweli.

Fundi alimsihi binti aache. Binti alikuwa mkaidi kama baba yake. Alisema ukumbi ni huo huo mmoja, na yeye hakujifunza gitaa ili apigie kuku uani.

Gitaa lilipokamilika, Fundi alilehemu waya wa mwisho, akakaza nyuzi, akalichomeka kwenye spika ya karakana, akampa binti alijaribu, Solo akisikiliza. Nyuzi nene zilikuwa na mlio mzito unaotulia kifuani, na zile nyembamba zililia safi bila kukwaruza sikio. Fundi, ambaye hujisifu kwa shida, alisema, "Hili nimelipatia." Kisha binti akanyamaza kati ya sauti mbili, na katika ukimya ule gitaa likasema kwa sauti ya Solo, "Bosi, hii maiki inanipiga shoti."

Likajijibu kwa sauti ya Bosi, "Kwani umekufa? Panda, watu wanangoja."

Binti alijaribu wimbo mwingine, kisha mwingine. Popote aliponyamaza, maneno yalikuwa hayo hayo. Fundi alifungua kifuniko cha nyuma akakagua lehemu moja moja. Zote zilikuwa nzuri.

"Usiguse," Solo alisema. "Hiyo ndiyo sauti yangu."

Jumamosi walikwenda nalo ukumbini. Solo alipojaribu kulishika halikukaa kiganjani, mikono yake ilikuwa imeshakuwa myembamba mno, akampa binti alipige kwa niaba yake. Yeye akasimama kando ya spika kubwa. Fundi alikaa mstari wa mbele.

Wimbo wa kwanza watu walicheza. Palipokuja kituo, gitaa likasema, likajibu, na spika za Bosi zilikuwa kubwa kiasi kwamba hata wauza maji wa nje walisikia. Watu walisimama. Mzee mmoja alisema, "Kumbe alimwambia." Mwanamke wa meza ya pembeni akaitikia, "Alimwambia, ndiyo. Hata mimi nilijua." Wakamgeukia Bosi, aliyekuwa mlangoni.

"Ni kweli nilisema," alisema Bosi. "Na watu walikuwa wanangoja. Si nyinyi hao?"

Wakatazamana. Ilikuwa kweli, ndio hao waliokuwa wanangoja. Mmoja akakohoa, mwingine akaagiza soda, na kutoka nyuma mtu akaomba wimbo wa tatu.

Binti akasogeza mdomo kwenye maiki. Fundi aliona bega lake likiruka na vidole vikikakamaa juu ya nyuzi, akainuka huku kiti kikianguka, lakini Solo alikuwa karibu zaidi. Aliishika nguzo ya maiki kwa mkono mmoja, mkono wa pili akaukandamiza kwenye vigae. Bega la binti likashuka. Umeme wote ulimfuata Solo kwenda ardhini, akawa anang'aa kidogo kwenye kucha. Binti akavuta pumzi, akaimba.

Fundi alilia pale pale mbele za watu, wala hakuona haya.

Bosi alitazama mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaja, akamshika Solo bega kwa heshima, akamuuliza kama Jumamosi ijayo ana nafasi.

Tangu hapo Solo yuko ukumbini kila Jumamosi, amechuchumaa nyuma ya jukwaa, mkono mmoja kwenye nguzo, mwingine sakafuni. Bosi alimwekea mkeka ili asichafue vigae. Gitaa bado linasema maneno yake kila penye kituo, na watu wameyazoea. Vijana huyaitikia kwa pamoja na kupiga makofi. Mjane alikuja mara moja, akakaa karibu na mumewe mpaka mwisho, akaondoka bila kusalimia mtu.

Solo anazidi kupungua. Fundi humtazama yeye kuliko anavyomtazama binti yake. Majuzi, taa zilipogeuka nyuma ya jukwaa, aliona maua ya mkeka kupitia mgongo wa rafiki yake. Alimfuata Bosi kwa mara nyingine kuhusu kipande cha shaba. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema vigae vya namna ile haviuzwi tena.

Wiki hii Bosi alipita karakanani mwenyewe, furaha imemjaa. Anafungua ukumbi wa pili, upande wa pili wa mji, mkubwa kuliko wa kwanza. Nyaya ameshatandaza. Alitaka kujua kama Fundi anamfahamu marehemu mwingine.

"Simfahamu," Fundi alisema.

"Si kitu," alisema Bosi. "Atapatikana." Kisha akauliza kama binti ataweza kupiga siku ya ufunguzi.

Binti alikuwa chumba cha ndani anabadilisha nyuzi, na ni yeye aliyeitika kwamba ataweza.