Mkwe Nyuma ya Kioo

Makofi yalisikika kwanza. Mawili, kimya, tena mawili, nje ya ua wa matete. Mama Germaine aliacha kugeuza samaki wake wadogo juani, akajifunga kitenge vizuri. Hapa Nchelenge ni mkwe tu anayepiga makofi vile, kisha anabaki nje kama mtu aliyekatazwa kuonekana.

"Ni Ghislain," binti yake Chouchou alisema akicheka. "Ametoka Lusaka juu ya kukuchukua, mama."

Hapo ndipo kichwa chake kilipovurugika. Tangu akatwe titi kwa saratani, nyonga ilimwuma, na daktari alitaka kujua kama ugonjwa umeingia mifupani. Kipimo kilikuwa Lusaka, na aliyesomea kukifanya ni huyu Ghislain. Mkwe! Mtu asiyethubutu hata kula mbele yake, aje amshike mkono?

"Muulize," alimwambia Chouchou, "ile mashine inachoma?"

Sauti ilijibu kutoka nyuma ya matete, bila kungoja mjumbe. "Haichomi, mama. Mashine inatazama tu. Dawa ya sindano ndiyo inatoa miali, inakusanyika kwenye mufupa wenye shida."

"Basi miali inatoka kwangu?"

"Kwako, mama."

"Na weye utakuwa wapi?"

"Nikimaliza sindano, nitarudi nyuma ya kioo."

"Umesikia!" Germaine alimgeukia binti yake. "Ananitia moto, kisha anakimbia! Ni bwana huyu ulimuchagua?"

"Si kukimbia, mama. Kwako dawa ni kidogo, inatoka na mukojo. Lakini mimi napiga watu sindano kila siku. Kibeji ninachovaa kifuani kazini kinapima miali inayonipata. Tulifundishwa: fanya kazi mbio, simama mbali."

"Kusimama mbali!" Chouchou aliguna. "Hiyo alikuwa anaijua hata mbele ya kusomea kazi hiyo."

Germaine alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Hakujua tena adabu ya mkwe inaishia wapi na kanuni ya hospitali inaanzia wapi. Ila woga haukucheka naye: chumba kigeni, mashine juu ya kifua, na yeye peke yake.

Kwa mara ya kwanza tangu arusi alimsemesha mwenyewe. "Ghislain. Mukono nitaufunika kitenge, utaona mushipa tu. Lakini nikilala pale, nitajuaje haujaniacha?"

Makofi yalilia tena, mawili, kimya, mawili.

"Utasikia hivi, mama, toka nyuma ya kioo. Nakuahidi, Chouchou anasikia: sitatoka pale mpaka uinuke."