Upepo Uliofuatana na Meli

Moshi wa meli ulipanda wima, na kipima-upepo kilikuwa kimelala kwenye sifuri. Afisa wa zamu, binti aliyepata cheo juzijuzi, alikitazama akaridhika. Taa ya juu ya mlingoti ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda kabla afisa hajaukadiria upepo.

Mpandaji alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia, ndugu wa tumbo moja na mama wa binti huyo. Ndiye aliyembembelezea kazi hii.

"Mjomba, panda tu. Hakuna upepo."

"Ukisema hakuna, mwanangu, basi hakuna."

Nyuma yao nahodha alikoroga kahawa. Alikuwa mtu wa kucheka kwa meno, moyo hauna habari, na aliamini kwamba somo lisiloumiza halikai. Aliyaona mawimbi yakikimbia na povu upande mmoja na meli, akajua upepo upo, tena mkali, ila wanakwenda nao kasi moja. Mbwa anayekufukuza haumi mradi mnalingana mbio, ngoja ugeuke. Neno moja lingetosha. Alimuuliza tu binti kama ana hakika, na binti akajibu kwa majivuno kwamba macho anayo.

Mjomba alipofika juu, akafungua ukanda wake wa usalama ili aifikie taa. Nahodha akamgeukia mshika usukani, kwa sauti ya mtu anayeomba sukari.

"Geuza. Turudi tulikotoka."

"Nahodha, kuna mtu juu," binti akadakia.

"Si umesema hakuna upepo?"

Meli ikageuka. Upepo uliokuwa ukiwafuata kimyakimya ukawakuta uso kwa uso, na mwendo wa meli ukaongezeka juu yake. Mjomba alishika mlingoti kwa mkono mmoja, kisha hakushika kitu. Kishindo chake kilikuwa kidogo kuliko binti alivyotazamia, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Sasa nipe upepo wa kweli," nahodha akasema.

Binti alisoma kipimo, akatoa humo mwendo wa meli, akalitaja jibu. Lilikuwa sahihi. Nahodha akamsifu, akaagiza warudi kwenye njia yao ya mwanzo, pamoja na upepo, akaongeza kwamba mama yake atapigiwa simu na binti mwenyewe, maana msiba wa nyumbani husemwa na mtu wa nyumbani.

Sitaha ikatulia tena. Shuka waliyomfunikia mjomba haikutikisika hata ncha. Binti alipiga magoti, akazikandamiza pembe za shuka kwa mikono yote miwili, na hakukubali kuondolewa.