Kisigino cha Mpiga Gitaa

Mwandawiro alipiga gitaa mjini Voi miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia amekosea akasalimika. Mpiga ngoma akichelewa, alitukanwa. Mwimbaji akikosea sauti, alinyang'anywa maikrofoni mbele ya walevi. Mwishowe bendi ilimkimbia, baa zikaleta madijei, naye akajikuta kwenye ranchi moja nyuma ya vilima vya Sagalla, akijifunza kupanda farasi ili apate kazi ya doria. Akimaliza miezi miwili bila kuharibu, ataajiriwa. Pengine pa kwenda hakuwa napo.

Aliyemfundisha ni Nzomo, mlinzi aliyepungukiwa na meno lakini si maneno.

"Msanii, umemkalia kama gunia la mahindi la Njukini," alimwambia siku ya kwanza. "Tena gunia lina nafuu. Halijivuni."

Farasi mwenyewe alikuwa jike la kijivu, jina lake Mawingu.

Kosa la Mwandawiro lilikuwa moja tu. Alizoea kuhesabu mapigo ya muziki kwa kisigino. Mguu wa kulia uligonga sakafu wenyewe, mwenye mguu asijue. Sasa sakafu ilikuwa ubavu wa mnyama. Wimbo ukimpitia kichwani, kisigino kiligonga, na Mawingu akaongeza mwendo kama alivyofunzwa.

"Huyu farasi wako hasikii!"

"Hasikii?" Nzomo alicheka mpaka akakohoa. "Anasikia hata usiyoyasema. Unampiga teke aende, akienda unamlaumu. Tuliza mguu."

"Mguu wangu umetulia."

"Haya, bwana mkubwa wa Wundanyi. Mimi nimenyamaza."

Wiki ya sita, wakiwa doria kando ya ua wa waya, wimbo mpya ulimjia Mwandawiro, wa kwanza tangu bendi ivunjike. Ulikuwa mtamu. Aliogopa hata kumeza mate usije ukampotea.

Mbele yao, kwenye bwawa lililokauka, alisimama tembo na mtoto wake. Nzomo aliinua mkono: simama. Mwandawiro alivuta hatamu, lakini kisigino kilikuwa bado ndani ya wimbo. Mkono ulimwambia Mawingu asimame, mguu ulimwambia aende. Farasi akatetemeka, akazunguka, asijue amtii nani. Tembo akageuka, akatandaza masikio. Kwa hofu, kisigino kikagonga zaidi.

Mawingu alichomoka. Hakufika mbali, mguu wa mbele ulizama kwenye shimo lililochimbwa na muhanga. Mwandawiro alirushwa vumbini, na kabla hajatua aliusikia mfupa wa farasi ukikatika.

Tembo walikwenda zao. Nzomo alipiga simu, na Tryphena, msimamizi wa ranchi, akafika na gari na bunduki.

"Alishtushwa na tembo?"

Nzomo alitazama pembeni. Alijua yote, ila alimwachia nafasi. "Ndiyo" moja ingetosha, na kazi ingebaki.

Mwandawiro alimsogelea farasi. Pale chini, jasho likimtiririka, Mawingu aligeuza sikio moja kumfuata. Hata sasa alingoja aambiwe afanye nini.

"Ni mimi," Mwandawiro alisema. "Nilimpiga kisigino. Nzomo alinikanya tangu siku ya kwanza, nikambishia."

Tryphena aliikoki bunduki. "Mtoe lijamu mdomoni," alisema. "Asife amefungwa. Tandiko utalibeba mwenyewe mpaka zizini, halafu uende kwenu."

Vidole vilivyozoea nyuzi vilihangaika na kamba za ngozi, vikalowa povu na damu. Alifungua ya mwisho, akarudi nyuma. Tryphena alipiga risasi moja.

Zizi lilikuwa mwendo wa saa mbili. Nzomo alimfuata juu ya farasi wake, bila mzaha hata mmoja. Tandiko lilikuwa bado na joto la mgongo wa Mawingu, na lilimkata bega.

"Msanii," Nzomo alisema walipofika nusu ya njia. "Badili bega."

Akabadili.