Aliyekosa Apite Mbele

Makofi ndiyo yaliyomkera. Kila asubuhi, kipindi cha hesabu, yalisikika kutoka Darasa la Tatu B, na Mwalimu Demetria wa Darasa la Tatu A alisimama chaki mkononi akijiuliza kuna nini katika hesabu cha kupigiwa makofi. Alikuwa amefundisha hesabu katika shule ile ya Temeke tangu bendera ya Uhuru ingali mpya, na darasani kwake hakuna aliyewahi kupiga makofi. Watoto waliimba tebo za kuzidisha, wakaandika, wakasahihishiwa, na aliyekosa alinyoosha kiganja akapokea fimbo yake. Hivyo ndivyo masista walivyomfundisha yeye kule kusini, na hajaona alichopungukiwa.

Mwenye makofi alikuwa Mwalimu Bilkis. Aliletwa pale shule zote zilipokwisha kuwa za serikali na walimu wakapangwa upya, akitokea shule ya jumuiya yao ya Kihindi huko mjini. Demetria alimpa wiki mbili. Vumbi litamshinda, alisema, na vumbi likishindwa, basi zamu ya kulima shamba la mihogo la shule itammaliza. Zamu ilipofika, Bilkis alivua viatu, akajifunga mtandio kiunoni, akalima tuta lake mpaka mwisho. Walimu wakamsifu wiki nzima. Demetria alikuwa amelima shamba hilo miaka yote, na hakukumbuka kusifiwa hata kwa jembe moja.

Hayo angeyameza. Lakini mwaka ule Mwalimu Mkuu, Ndugu Gregori, aliamua kwamba mwalimu asimfundishe mtoto wake mwenyewe, na Anjelina, binti pekee wa Demetria, akahamishwa kutoka A kwenda B. Anjelina huyo, alipokuwa darasani kwa mama yake, hesabu za kutoa zilikuwa zikimliza. Baada ya miezi michache kwa Bilkis alikuwa akizifanya njiani, huku anaruka kamba.

Nyumbani sasa hapakuliwa wala kunywewa bila jina hilo. Mwalimu Bilkis kasema hivi, Mwalimu Bilkis kacheka vile. Baba yake Anjelina, Albano, mchonga vinyago, mtu wa utani, alimuuliza mkewe, "Huyu Mwalimu Bilkis tumtandikie kitanda kabisa? Maana hapa haondoki." Demetria hakucheka. Alikusanya vyombo kwa kishindo mpaka sahani moja ikapasuka.

Jioni moja alichukua fagio lake la chelewa akalikuta limekonda, limebaki nusu. Anjelina alikuwa uani kwenye mkeka, amezipanga zile njiti mbele yake, kumi kumi, kila fungu limefungwa kwa ukindu.

"Hamsini na mbili, toa ishirini na saba," mtoto alikuwa akijisemea. "Ninayo mafungu matano na njiti mbili. Saba nitazitoa wapi? Nafungua fungu moja." Akalifungua, akazihesabu njiti kumi na mbili, akaondoa saba, akaondoa mafungu mawili. "Ishirini na tano." Akacheka peke yake.

Hapo mama yeyote angefurahi. Demetria hakufurahi. Mtoto wake, mkeka wake, fagio lake, na sifa ziende kwa mwingine.

"Fagio langu unalimaliza," alisema.

Kicheko kikakatika. Anjelina alizikusanya njiti harakaharaka, akamrudishia mama yake kwa mikono miwili.

Kesho yake Demetria aliwaachia wanafunzi wake zoezi refu, akaenda kusimama nje ya Darasa B, pale penye matofali ya matundu. Bilkis alikuwa ameandika hesabu ubaoni. Hakuuliza nani amepata. Aliuliza, "Nani ana jibu lingine? Aliyekosa apite mbele atuonyeshe njia aliyopita." Mikono ikanyooka, watoto wanagombea. Mmoja akapita, akaeleza alivyoanza na alipopotea, wenzake wakamwonyesha pa kugeukia, akarekebisha mwenyewe. Ndipo yakapigwa yale makofi.

Demetria alipata alichokuwa akikitafuta. Alinyooka mpaka ofisini.

"Mie sisemi kwa ubaya, Mwalimu Mkuu," alianza, kama wanavyoanza wote wenye ubaya. "Ila kule B watoto wanashangiliwa kwa kukosa. Taifa linataka mafundi na wahasibu, sie tunawapigia makofi wajinga. Ukiwauliza wenyewe swali moja mbele ya macho yako, utaona hawajui kitu."

Ndugu Gregori alikuwa mtu asiyependa maneno ya pembeni. "Basi twende wote tukaone," alisema.

Wakaenda papo hapo, kipindi hakijaisha, wakaketi kwenye benchi la nyuma. Demetria alikuwa na fimbo yake mkononi, si kwa nia yoyote, alikuwa haendi popote shuleni bila fimbo. Bilkis aliwakaribisha kwa adabu, akaandika ubaoni: sitini na tatu, toa ishirini na nane. Watoto wakainamia vibao vyao.

"Nani ana jibu lingine?"

Hakuna mkono uliopanda. Watoto walikuwa wakigeuka kuiangalia fimbo, kisha wakirudisha macho kwenye vibao na kufutafuta kwa viganja. Bilkis aliuliza tena kwa upole, na pale mbele akasimama mmoja tu. Anjelina.

"Nimepata arobaini na tano," alisema kwa sauti ndogo.

Amekosa. Jibu ni thelathini na tano. Moyo wa Demetria uliruka kwa furaha, furaha yenyewe kabisa, ya kumfanya atake kumgeukia Ndugu Gregori na kumwambia, umeona? Alikuwa tayari amekwisha kufungua mdomo.

Anjelina hakwenda ubaoni. Aligeuka, akapita katikati ya madawati mpaka nyuma, akasimama mbele ya mama yake. Akafumba macho, akanyoosha mkono, kiganja juu.

Demetria alikitazama kile kiganja. Alijua mtoto huyu anaiweza hesabu hii. Alikuwa amemwona mwenyewe jana, kwenye mkeka, akifungua fungu na kucheka. Asubuhi hii amekosa kwa sababu ya mtu mmoja aliyeketi benchi la nyuma, na mtu huyo alikuwa ameshangilia moyoni kuwa mwanawe kakosa.

Ndugu Gregori alikohoa kidogo. Bilkis hakusema neno. Demetria angemshukuru mtu mwingine yeyote kwa kunyamaza vile. Kwa Bilkis, hata hilo lilimchukiza.

Aliilaza fimbo sakafuni, chini ya benchi. Maneno yake mwenyewe ya kusema hapo hakuwa nayo, ikabidi atumie ya mwenzake, na yalikuwa machungu.

"Hebu nionyeshe njia uliyopita, mama."

Anjelina alifumbua macho. Kwanza alimtazama Bilkis kule mbele. Bilkis alipoitikia kwa kichwa, ndipo mtoto akaanza kueleza. Alisema aliona tatu ni ndogo kuliko nane, akaogopa, akazigeuza, akatoa tatu kwenye nane, wakati alitakiwa kufungua fungu. Alieleza vizuri, bila kukwama, mpaka akaifikia thelathini na tano, na wakati wote huo alikuwa akizungumza na Bilkis.

Wenzake walipiga makofi. Wivu wa Demetria ulikuwa palepale, haujapungua hata kidogo. Mkono wa Anjelina nao ulikuwa bado umenyooshwa, mwenyewe ameusahau. Demetria aliushika. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho.