Tarehe ya Kuondoa

Katika hospitali ile, mwenye neno la mwisho juu ya mguu wa askari hakuwa daktari bingwa wala mkuu wa kikosi. Alikuwa mwanamke wa chumba cha plasta, mwisho wa korido, jirani na stoo ya mifagio. Watu walimwita Fundi. Alilowesha bendeji zenye unga wa plasta kwenye ndoo ya maji vuguvugu, akazizungusha juu ya mifupa iliyovunjika, akazilainisha kwa kiganja mpaka zikaganda. Kisha alichukua kalamu ya wino mzito na kuandika juu yake tarehe mbili: ya kufunga na ya kuondoa. Mafaili ya jeshi yalikuwa na tabia ya kupotea njiani, lakini plasta mtu anatembea nayo. Basi ofisa aliyekuja kila Jumatatu kukusanya waliopona hakujisumbua na makaratasi. Aliinama, akasoma tarehe ya kuondoa, akainakili kwenye daftari lake, na siku hiyo ikifika mtu anarudi vitani.

Mwaka wa kwanza wa vita Fundi alilia karibu kila siku. Mwaka wa pili alilia akikumbuka. Mwaka wa tatu alikuwa amekufa ganzi, na wala hakuona aibu kusema hivyo. Chakula cha mchana alikila juu ya meza ileile ya kazi, akasukuma mikasi kando, akala akamaliza.

Ndipo mdogo wake akaja likizo ya siku kumi. Nyumbani aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na jina likamfuata mpaka jeshini. Alikuja mzima, mikono miwili na miguu miwili, na mama yao alimpapasa kote mlangoni kama anayekagua mzigo uliotoka safari. Kilichopungua hakikuwa cha kupapasa. Ukimwuliza anajibu, ukimpa chakula anakula, ukimwambia kichekesho anacheka kwa kuchelewa kidogo.

Kila siku ikigonga saa nane mchana aliinuka, popote alipokuwa, akasogeza kiti dirishani na kutazama mtaa. Mtaa wenyewe ulikuwa na duka la vipuri, mti mkavu na mbwa. Saa kumi kamili aliondoka dirishani, akajilaza kwenye zulia, akalala fofofo.

"Unamlinda nani?" Fundi alimwuliza siku ya nne.

"Hii saa ni yangu," alisema Kitinda. "Tuko wanne kwenye handaki. Mimi, Babu, Mwalimu na Kijiko. Kila mtu anaangalia saa mbili, halafu analala au anakaa saa sita. Nikija huku, saa zangu wanagawana."

Huyo Babu, alieleza, alikuwa na miaka ishirini na minane, ila mvi zilimwahi. Mwalimu kweli alikuwa mwalimu, na alisahihisha mpaka matusi ya wenzake. Kijiko alitembea na kijiko mfuko wa shati siku zote, asije akakuta chakula mahali akakosa zana.

"Na vita vyenyewe vinahusu nini siku hizi?" Fundi alimtania.

"Dada, mimi hata ubeti wa pili wa wimbo wa taifa nimeshausahau. Usiniulize mambo makubwa."

Mama yao hakuwa na utani. Siku ya nane alimfuata Fundi jikoni, akafunga mlango. "Miguu ya watoto wa wenzio unaifunga kutwa," alisema. "Wa ndugu yako umekushinda nini?"

Fundi alijua kwamba kugundulika ni jela. Alijua pia kwamba mama yake alikuwa amezaa wanne na waliobaki ni wawili. Kesho yake, Jumapili, chumba cha plasta kikiwa kimefungwa, alimwingiza Kitinda kwa mlango wa nyuma na kuufunga mguu mzima kabisa, mguu usio na hata mchubuko. Kitinda hakukataa. Alinyoosha mguu kama anayepimwa kiatu. Fundi aliandika tarehe ya wiki sita mbele, na usiku huo alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu vita vianze. Jumatatu, hospitalini, ofisa aliinama, akasoma, akaandika. Kikosini ikapelekwa taarifa kwamba Kitinda ameteguka mguu.

Majirani walikuja nyumbani kumpa pole. Kila mmoja aliandika neno kwenye plasta: pole, pona haraka, pumzika mwanetu. Jumanne asubuhi Fundi aliona kwamba Kitinda naye ameandika. Chini ya goti kulikuwa na orodha ya majina matatu na saa zao, na pale palipokuwa na saa zake aliziandika tena, akazikata vipande vitatu, akawagawia. Alipiga hesabu ile na kuifuta na kuipiga tena mpaka plasta ikawa nyeusi.

Jumatano, Fundi alirudi mapema kutoka kazini akamkuta bafuni, ameketi sakafuni na kisu cha jikoni. Plasta ilikuwa imechanika hadi nusu na damu ilichirizika hadi kwenye kisigino. Hakuonekana kusikia maumivu.

"Wewe una wazimu?" Fundi alisema, akampokonya kisu.

"Babu halali vizuri hata tukiwa wanne," alisema Kitinda. "Dada, nikikaa hapa wiki sita nitakuwa nimekaa tu. Niondolee hii kitu."

"Mama atakufa."

"Najua."

Fundi alingoja aseme kitu kingine, la nchi, la heshima, hata la hasira, ili amjibu. Kitinda aliukata uzi uliokuwa unaning'inia kwenye bendeji, akauviringisha, akaushika mkononi. Fundi akaona kwamba asipomkata yeye, atajikata mwenyewe mpaka mfupani. Alimpeleka hospitali kwa mlango wa nyuma, akawasha msumeno wa plasta, akaipasua pande mbili. Mguu ulitoka mweupe kwa unga. Alhamisi asubuhi Kitinda alipanda lori la jeshi; hana plasta, hakuna aliyemwuliza kitu. Mama yao aliyachukua yale maganda mawili ya plasta Fundi aliyorudi nayo, akayaweka juu ya kabati la nguo, na kwa siku tisa hakumsemesha Fundi hata neno la chumvi iko wapi.

Wiki tano baadaye waliletwa majeruhi kumi na mmoja waliocheleweshwa njiani siku nne. Wa sita alikuwa kijana mrefu aliyevunjika muundi, na alipolazwa mezani kijiko kilimdondoka mfukoni, kikalia sakafuni.

Fundi alikiokota. "Wewe ndiye Kijiko."

Kijana akamkazia macho. "Na wewe ni dada yake Kitinda! Alituambia dada yake anafunga watu plasta. Tukamwambia basi tumepata mtu serikalini."

"Yuko mzima?"

"Mzima."

Fundi alizamisha bendeji kwenye ndoo, akangoja mapovu yaishe. "Na Babu? Na Mwalimu?"

"Hao hakuwakuta. Walikufa Jumanne, yeye alifika Ijumaa." Kijiko alitazama dari. "Si alikuwa ameteguka mguu? Saa zake tulikuwa tumezigawana. Babu alikuwa kwenye zile za Kitinda, mchana kweupe, akasinzia. Wakatuingilia. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji."

"Kitinda anajua?"

"Nilimwambia. Aliuliza tu zamu inayofuata ni ya nani."

Fundi aliikamua bendeji. Jumanne. Jumanne alikuwa amesimama sebuleni akisoma hesabu zile kwenye plasta, chai mkononi. Alijua kwamba hapa ndipo mtu anapotakiwa kulia, na akangoja, na kilio hakikuja. Alizungusha bendeji ya kwanza, na ya pili, akalainisha.

"Sasa yuko na nani?"

"Wapya watatu. Watoto wa juzi, wanalala wamesimama na bunduki mkononi. Kitinda hawaamini, kwa hiyo hafumbi macho. Mtu akikaa hivyo hafiki mbali." Kijiko aliinuka kwa viwiko. "Fundi, daktari amesema wiki nane. Niandikie nne. Nikifika, angalau na yeye atapata saa mbili za kulala."

"Mfupa hauungi wiki nne."

"Kwani pale nakwenda kukimbia? Nakwenda kukaa na kuangalia."

Mlango ulisukumwa. Mama mmoja mfupi aliingiza kichwa, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuwa mama yake Kijiko, amesafiri siku mbili. Alimwomba Fundi watoke koridoni kidogo, na huko, kando ya stoo ya mifagio, akamshika kiwiko.

"Mwanangu, nimeambiwa kalamu ni yako," alisema kwa kunong'ona. "Sina wa kumwangukia mwingine. Niandikie miezi mitatu. Hata minne. Una ndugu wewe?"

"Ninaye mmoja."

"Basi unanielewa."

"Nakuelewa, mama."

Alirudi ndani. Plasta ilikuwa imeshaanza kupata joto, maana yake inaganda. Alichukua kalamu, akaandika tarehe ya kufunga. Kisha alihesabu kwa vidole, polepole, asije akakosea. Wiki moja, mbili, tatu, nne. Akaandika. Kijiko alisoma kichwa chini miguu juu, akatabasamu, akarudisha kijiko chake mfukoni.

Mama yake aliingia na kuinamia ule mguu. Hakujua kusoma, akaipitishia kidole tu ile tarehe, kwa uangalifu, wino usije ukafutika.

"Umemwandikia ya mbali?"

"Nimemwandikia," alisema Fundi.

Yule mama akamshika mikono yote miwili, ikiwa bado na unga mbichi, akaibusu, akamwombea kwamba ndugu yake naye arudi salama.